Jina la intaneti ni kama kare ya madini: uliza kwanza hati iko kwa jina la nani

Siku ya posho iliyopita, kisha mkutano wetu wa sendika hapa Kolwezi, ndugu mmoja alibaki nyuma na karatasi mkononi. Alitoka kazini mwaka huu, akapata dekonti yake, na bibi yake anauzisha bazin na viatu vya watoto. Akatuambia: «Papa delege, kijana moja anatuomba dola mia tatu na makumi tano juu ya jina. Jina tu! Njo mambo gani?»

Tukasoma ile karatasi. Kijana alikuwa anauzisha jina la intaneti lililotengenezwa na maneno ambayo watu wanatafuta: bazin, kisha Kolwezi, kisha .com. Aliandika kwamba mtu yeyote akitafuta maneno hayo katika telefone, ataanguka moja kwa moja kwenye duka la mama. Bibi alitaka, bwana aliogopa. Dola 350 katika nyumba ambayo haina tena mshahara, ni mifuko ya unga, ni minervali ya watoto.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu si nyumba moja tu. Mama wengi wa kambi wanauzisha sasa kwa telefone, na vijana wanapita kuwauzishia majina. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa «départs volontaires» uliosaidiwa na makuta ya Banque mondiale. Tuliona wengi wakitia dekonti katika biashara wasiyoijua, na makuta yakaisha mbio. Hatutaki kuona hayo mara ya pili.

Domeni ni kitu gani?

Siti ni ukurasa wa duka lako ndani ya intaneti. Domeni ni jina ambalo mtu anaandika ili afike pale. Kila domeni ni moja tu duniani, na anayeandikisha wa kwanza ndiye anayeipata. Tangu mwaka 1998, shirika moja la Marekani, ICANN, linasimamia utaratibu wa majina hayo. Maduka ya kuandikisha majina ni mengi, na kwa kawaida jina la .com ambalo halina mwenyewe linalipiwa dola 10 mpaka 15 kwa mwaka.

Mtu wa mgodi ataelewa mbio, kwa sababu tunajua kare. Katika sheria yetu ya madini, kare moja ni hektari 84,955. Anayeomba wa kwanza kwenye Cadastre Minier ndiye anayesikilizwa wa kwanza. Kare si yake milele: analipa haki za kila mwaka, na asipolipa, hati inaweza kuvunjwa. Sisi wote tunajua pia watu wanaokamata kare bila kuchimba hata shimo moja. Wanangojea tu mwenye makuta afike, wamuuzishie karatasi.

Domeni ni vilevile. Hakuna anayeinunua milele. Unailipia kwa mwaka mmoja mpaka kumi, kisha unalipa tena. Na kuna watu ambao kazi yao ni kukamata majina mazuri na kungojea mnunuzi. Hiyo haikatazwi, na wengine walitajirika: jina business.com liliuzwa mwaka 1999 kwa dola milioni 7,5, na insurance.com, maana yake «asiransi», liliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 35,6. Habari kama hizo ndizo zinazowapa vijana wetu ndoto. Lakini yale ni maneno mafupi ya dunia nzima. «Bazin Kolwezi» ni neno la mji mmoja.

Neno ndani ya jina halichimbi peke yake

Je, kijana alisema uongo? Zamani maneno yake yangekuwa na ukweli. Kulikuwa na wakati ambapo mashine ya kutafuta iliona maneno ya mtu yanafanana kabisa na jina la siti, ikaipandisha ile siti juu, hata kama ndani hakuna kitu. Watu wakajaza intaneti na siti tupu zenye majina marefu. Tarehe 28 Septemba 2012, Google ilitangaza kwamba imebadilisha hesabu zake ili siti mbaya za namna ile zisipande tena kwa nguvu ya jina tu.

Tangu siku hiyo, jina zuri ni kama kibao kwenye mlango. Linasaidia mtu kukumbuka na kuelewa unauzisha nini. Lakini halivute mawe kutoka chini. Mteja anakuja kwa sababu ameona picha za kweli, bei, namba ya telefone inayojibu, na watu wengine wamesema «huyu mama hadanganye». Tena hapa kwetu wateja wengi wanapitia WhatsApp na Facebook. Mama anayejibu mbio pale anaweza kuuzisha hata bila domeni.

Hatusemi domeni haina faida. Ukurasa wa Facebook unaweza kufungwa usiku mmoja, na hakuna delege wa kukutetea. Domeni yako inabaki hata ukibadilisha siti, na inaonekana vizuri kwenye fakture unapopelekea kantini au sustretansi. Tunasema tu ilipwe bei yake.

Tulipotafuta wenyewe

Basi tukakaa na ndugu yetu, tukafungua duka moja la majina kwa telefone, tukaandika lile jina la dola 350. Jibu likatoka: halina mwenyewe, bei dola 12 kwa mwaka. Kijana alikuwa anauzisha kare ambayo hajaiomba bado! Angechukua makuta ya mama, angelipa dola 12, na kubakia na 338.

Tukamwita. Ni mtoto wa mwenzetu mwingine aliyefukuzwa kazi. Alikuja na aibu, lakini alijitetea: «Papa, mie sikuiba. Mama hana karte ya banki ya kulipa, hajue kufungua konti, hajue kupanga siti. Ile yote ni mie nitafanya. Na mie niko natafuta chakula.»

Alisema kweli, na neno lake lilitushika sisi watu wa sendika. Kila siku tunadai kazi ilipwe. Basi kazi ya kijana ilipwe pia: kufungua konti, kutia picha, kuandika bei, kumfundisha mama. Lakini iandikwe kama kazi, siyo kufichwa ndani ya bei ya jina. Walipatana: dola 12 za jina, dola 60 za kazi, nusu mwanzoni, nusu siti ikifunguka.

Hatari kubwa iko kwenye hati

Lakini bei si jambo kubwa kuliko yote. Katika ile karatasi kulikuwa na mstari mmoja mdogo chini: jina litaandikwa kwa kijana, na mama «atalitumia». Pale ndipo tulipomwonyesha ndugu yetu kidole.

Tunajua mama mmoja wa Likasi anayetengeneza keki za ndoa. Alilipa mtu amwandikishie jina na kumpangia siti. Miaka miwili kazi ilienda vizuri. Jina aliliandika kwenye makartoni, kwenye tablie za watoto wake wa kazi, hata kwenye mlango wa gari. Mwaka wa tatu yule mtu akamwambia: «Jina ni yangu. Leta dola elfu moja, ao nitauzishia mwingine.» Mama hakuwa nazo. Asubuhi moja, wateja walipofungua siti, wakaona keki za mtu mwingine. Hakuwa na karatasi hata moja ya kumpeleka mbele ya sheria. Alichimba miaka miwili ndani ya kare ya mtu.

Jambo hili linatokea kwa sababu wengi wetu hatuna karte ya kulipia katika intaneti. Tunaomba mwenye karte atulipie, na mwenye kulipa anaandika jina lake. Kulipiwa si mbaya. Ubaya ni kusahau kuuliza hati.

Hata wakubwa wanasahau

Nchi yetu yenyewe iliwahi kupata somo hili. Wakati wa Zaïre, majina ya nchi yalikuwa na mwisho wa .zr. Nchi ilipobadilisha jina mwaka 1997, tukapewa .cd. Ili .cd ifanye kazi, kuna domeni nyingine zinazoelekeza njia, na moja ya hizo ilikuwa scpt-network.com. Mwaka 2020 muda wake uliisha bila kulipiwa. Mwishoni mwa Desemba, Fredrik Almroth, fundi wa usalama wa intaneti wa kampuni ya Sweden inayoitwa Detectify, aliona iko wazi, akaichukua mwenyewe ili mwizi asiipate, kisha akatoa habari kwa wasimamizi. Mtu mbaya angeweza kuwapotosha watu wengi waliofungua siti za .cd. Yote hayo kwa domeni moja ambayo haikulipiwa kwa wakati.

Kama wakubwa wanasahau, mama wa bazin atasahau mbio zaidi. Andika tarehe ya kulipa kwenye ukuta, pale unapoandika tarehe ya minervali.

Mambo ya kushika

Kwanza, tafuta mwenyewe kama jina liko wazi, kabla ya kulipa mtu.

Pili, konti ifunguliwe kwa email yako na namba yako, na neno la siri likae kwako. Kama jina ni la mtu mwingine na mmepatana bei, usimpe makuta yote mpaka akupe kode ya kulihamisha na ulione ndani ya konti yako. Jina lililoandikishwa juzi tu, kwa kawaida linangojea siku 60 kabla ya kuhamia duka lingine. Asikudanganye kwamba ni leo leo.

Tatu, usikubali ahadi ya «wa kwanza kwenye Google». Hakuna anayeweza kuitoa.

Nne, kwa vijana: msiandikishe jina la kampuni ya mgodi ili muwauzishie. Tangu mwaka 1999 kuna utaratibu wa kimataifa, na Genève kuna shirika la OMPI linalosikiliza kesi hizo. Anayekamata jina la mwingine kwa nia mbaya, ananyang'anywa bila kulipwa hata franka. Kazi ya majina ya maneno ya kawaida inaweza kuwa safi, kama mnamwambia mnunuzi jina ni bei gani na jasho lenu ni bei gani.

Siku ya kazi ya kwanza, yule kijana alifika nyumbani kwa ndugu yetu na telefone yake. Mama alichagua jina lenyewe: hakutaka tena neno la kutafuta, alitia jina lake la mjini, lile wateja wanaita sokoni, kisha bazin. Liligharimu dola 12. Konti iko kwa email yake. Neno la siri ameliandika kwenye kitabu cha madeni, na kile kitabu, bwana mwenyewe hana ruhusa ya kukigusa.