Kromosomu ya 22 na Safari ya Uzazi

Watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kipande cha kromosomu ya 22, hali iitwayo kitaalamu 22q11.2, sasa hufikia utu uzima na kutamani kuwa wazazi. Baadhi hutambua hali yao baada tu ya kumzaa mtoto mwenye kasoro ya moyo au kaakaa.

Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 50 wa kurithi upungufu huo, awe nao baba au mama. Wepesi wa dalili za mzazi si dhamana: mtoto aweza kuathirika zaidi.

Kwa mama, moyo uchunguzwe kabla ya kushika mimba. Kalsiamu katika damu ipimwe kabla ya mimba, mara kwa mara wakati wa ujauzito, na baada ya kujifungua, kwani ikishuka huleta ganzi, misuli kukakamaa na hata degedege. Akipatwa na degedege, tiba ya kifafa cha mimba isicheleweshwe, lakini kalsiamu nayo ipimwe. Moyo wa kijusi huchunguzwa kwa ultrasaundi.

Uamuzi wa kuzaa ni wa wahusika wenyewe; wajibu wa mhudumu ni kuwaeleza kwa lugha nyepesi, bila kuwahukumu.