Kiingereza Kidogo Kila Siku

Vijana wetu wa Kasongo na Kabambare hulalamika mara nyingi: "Kiingereza iko nguvu! Ku masomo tunakipata saa chache tu, kisha tutaongea na nani?" Neno lao lina ukweli. Darasani mwalimu anafundisha kwa Kifaransa, nyumbani na sokoni ni Kiswahili. Lakini tusidanganyane: hata mwenye saa nyingi darasani hatakijua, kama kaye inafungwa mpaka juma lijalo.

Tumwangalie mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana hapa Nyangwe. David Livingstone alizaliwa Uskoti mwaka 1813, mtoto wa maskini. Alipokuwa na miaka 10 aliingia kazi katika kiwanda cha pamba, toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Akawa anakiweka wazi juu ya mashine ya kusokota nyuzi, na kila alipopita mbele yake alinyakua sentensi moja. Moja tu, na kelele zote zile! Baadaye, kusini mwa Afrika, alijitenga na Wazungu wenzake miezi sita hivi, akakaa kwa Wakwena ili ajue lugha na desturi zao.

Sasa wewe unayetwanga mihogo, wewe unayeponda mawe machimboni, wewe unayesukuma kinga yenye mizigo: mashine yako ya kuwekea kitabu iko wapi? Andika sentensi moja kwenye kipande cha karatasi, ibandike karibu na mafiga au itie mfukoni. Isome kwa sauti. Kwa sauti, nasema, maana macho hujua mapema lakini mdomo huchelewa. Na wewe mama, hata kama hukusoma Kiingereza, unaweza kumuuliza mtoto wakati mnachambua sombe: "Hii inaitwaje? Na ile?" Asipojua, kesho atauliza kwa mwalimu.

Tena hatuanzi mikono mitupu. "Buku" yetu ni "book" ya Waingereza, na "mutuka" ni "motor car". Kifaransa nacho kinasaidia, ingawa mara nyingine kinatega mtego. Mfaransa akiandika "pain" anataka mkate. Mwingereza akiandika "pain" anaumwa!

Je, maneno mangapi yanatosha? Mwaka 1959 redio Sauti ya Amerika ilianza kutangaza habari kwa Kiingereza chepesi, chenye maneno 1,500 hivi, zikisomwa pole pole. Piga hesabu: maneno 5 kwa siku, katika siku 300 ni 1,500. Haifiki hata mwaka. Lakini ni kila siku, si 35 siku ya Posho halafu basi.

Na kuandika je? Eti kaye ni bei kali. Livingstone alifika Nyangwe mwezi wa tatu 1871, na karatasi zilimwishia. Alichukua gazeti kuukuu la kwao, akaandika juu ya maneno yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kutoka mmea. Ndivyo alivyoandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku watu wenye bunduki walipofyatua risasi katika soko letu kando ya Lualaba. Walikufa watu mamia, wengi wao akina mama waliokuja kuuza. Wengine walizama wakikimbilia mitumbwi. Habari hiyo ilifika Uingereza mwaka 1872, ikaongeza hasira iliyosaidia kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Wino ule ulififia karibu kupotea. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wameusoma upya kwa mianga ya pekee, na maandishi ya siku ile hayalingani pote na yale aliyoyanakili baadaye. Wenyewe waliouawa hawakuandika kitu. Habari ya bibi zetu ilibaki katika mkono wa mgeni, kwa Kiingereza, na mpaka leo wengi wa Nyangwe hawajaisoma wala kuipima na yale wazee wanayosimulia.

Kijana anayetafuta ukurasa wa kujifunzia aombe huo. Aketi na kamusi, na mzee kando yake wa kumwonyesha soko lilikuwa upande gani.