Fahamu: Kikohozi cha mtoto kikipita wiki 2

Juni na Julai, Singida ni baridi, upepo mkavu na vumbi, na jikoni moshi wa kuni. Mtoto akikohoa, wengi hukimbilia asali. Mkoa huu haukosi, hasa Manyoni. Kijiko kidogo hutuliza koo, lakini asiyetimiza mwaka 1 asionjeshwe kabisa: asali inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake bado hauvimudu.

Kikohozi kikipita wiki 2, mtoto achunguzwe kifua kikuu (TB), hasa ikiwa uzito umegoma kupanda kwenye kadi ya kliniki au nyumbani yupo mtu mzima anayekohoa. Mtoto mdogo hajui kutema makohozi. Si hoja, hata choo chake hupimwa. Vipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali.

Kuna kisichosubiri wiki 2. Mvue shati akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea chini anapovuta hewa, huenda ni nimonia. Mpeleke kituoni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.