Je, Wajua? Proksi na Kasi ya Intaneti

Je, wajua kwamba proksi haiongezi kasi ya laini yako hata chembe? Inasimama katikati tu: kivinjari kinaiomba ukurasa, nayo inakwenda kuuchukua na kukukabidhi. Laini ya megabiti 2 itabaki na megabiti zake 2.

Je, wajua kwamba zamani iliharakisha kweli? Mwaka 1994, seva ya wavuti ya CERN, Uswisi, ilipewa uwezo wa kuwa proksi na kuweka nakala za kurasa zilizokwishaombwa, yaani kache. Chukua intaneti kafe ya Afrika Mashariki kabla mkongo wa SEACOM haujafika mwaka 2009: kompyuta kumi zinagombania laini ya setilaiti ya kilobiti 64 kwa sekunde. Picha ya kilobaiti 200 ilikula sekunde 25, tena kama hakuna mwingine anayevuta kitu. Proksi ikiwepo palepale dukani, mteja wa kwanza ndiye aliyesota. Wa pili aliipata picha hiyohiyo papo hapo, maana ilitoka kwenye mashine iliyo chini ya meza ya mhudumu. Bila hivyo, ombi lilipanda kilomita karibu 36,000 hadi kwenye setilaiti na kushuka, jibu nalo vilevile. Nusu sekunde imeshakwenda na hujaona hata herufi moja.

Je, wajua kilichoipunguzia kache hiyo nguvu? Kufuli. Tovuti nyingi sasa zinatumia HTTPS, na proksi ya kawaida inapitisha mzigo isioweza kuufungua, sembuse kuuwekea nakala. Tazama rekodi za Squid, programu ya proksi iliyotoka mwaka 1996: TCP_HIT maana yake kitu kimepatikana kwenye kache, TCP_MISS hakikupatikana. Siku hizi mistari mingi inasomeka TCP_TUNNEL, yaani kimepita bila kuonekana ndani.

Je, wajua proksi ya bure inaweza kukuzungusha kiasi gani? Uko Nairobi, tovuti iko Nairobi, proksi iko New York, kilomita kama 11,800. Ombi linavuka, linarudi Nairobi kufuata ukurasa, ukurasa unakwenda New York, ndipo uje kwako. Safari nne! Mwanga ndani ya nyaya hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo karibu robo sekunde imepotea, na hapo tumejifanya nyaya zimenyooka. Ukurasa mmoja huwa na maombi kadhaa. Piga hesabu mwenyewe. Anayeiuza kama kiongeza kasi ana ujasiri.

Je, wajua Opera Mini ni proksi? Tangu 2005 seva za Opera hufungua ukurasa kwa niaba ya simu, huubana, kisha hutuma kilichobaki, wakati mwingine sehemu moja tu ya kumi. Kwenye mtandao unaosuasua nafuu yake inaonekana, na bando linapona. Ila kwa ubanaji ule mkali, hata kurasa za HTTPS hufunguliwa kwanza huko kwenye seva zao. Mambo ya benki, mimi ningeyafanyia kwingine.

Je, wajua huenda leo umeshatumia proksi usiyoiweka? Kampuni kama Akamai, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, huweka seva za nakala karibu na wasomaji. Hizi hufanya kazi kwa niaba ya tovuti, na tovuti yenyewe imeziruhusu kufungua kufuli, ndiyo maana kache zao bado zina faida.

Je, wajua haraka nyingine huharibu? Mwaka 2005 Google ilitoa Web Accelerator, iliyopitisha kurasa kwenye seva zake na kuvuta mapema viungo ambavyo mtumiaji hajavibofya. Kwenye baadhi ya programu za wavuti, kiungo kimojawapo kilikuwa cha kufuta. Ikakifuata nacho, data za watu zikapotea. Mwaka 2008 Google ikaachana nayo.