Ukiita Watu, Uwe Tayari Kuitika

Usukumani, mwano ukipigwa usiku hakuna anayebaki kitandani akijiuliza kama ni zamu yake. Mwenye rungu hubeba rungu, mwenye tochi hubeba tochi, na yowe hilo hupokewa kaya kwa kaya, kijiji kwa kijiji, mpaka mwizi wa ng'ombe anakuta njia zote zimezibwa. Asiyetoka huulizwa kesho yake alikuwa wapi, na jibu lisiporidhisha hutozwa faini.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walijengwa juu ya utamaduni huo. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama, wakati silaha zilizozagaa baada ya vita vya Kagera zilipokuwa zimewapa majambazi nguvu ambayo vituo vichache vya polisi havikuiweza. Kwa muda mfupi walienea Shinyanga, Tabora na Mwanza. Serikali iliwatazama kwa wasiwasi, kisha ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ikawapa nafasi rasmi. Hawakuwa na magari wala ofisi. Walichokuwa nacho ni macho ya kila mtu na uhakika kwamba mmoja akiona jambo na kulipigia kelele, wengine watakuja.

Siku hizi dunia imelipa jambo hili sura mpya ya simu na kompyuta. Taasisi inatupa swali kwa umma, watu wengi wanajibu kila mmoja kwa kidogo anachokijua, na vidogo hivyo vinakusanywa kuwa maarifa ambayo mtaalamu mmoja asingeyapata. Kenya ilionyesha njia Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zinawaka Kisumu, Eldoret na Nairobi: vijana wachache walitengeneza Ushahidi, mfumo wa kupokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Miaka miwili baadaye mfumo huo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Huku kwetu, kando ya Ziwa Victoria na kwingineko Tanzania, somo hili lina historia yake, yenye mafanikio makubwa na pia kushindwa ambako hatupaswi kukusahau.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu nani analijua ziwa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilipotumbukia majini karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kufika. Watu 43 walikuwa ndani, 24 wakapona. Miaka minne kabla, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Hapo nako mikono ya kwanza kuvuta watu kutoka majini ilikuwa ya wenyeji wa kisiwa hicho. Kikosi chochote cha uokoaji kitakachoundwa Mwanza, Bukoba au Musoma kitawakuta watu hawa wamekwisha kufika. Suala ni kama mamlaka zinawatambua mapema, kabla ya msiba, au zinawapongeza baada ya mazishi.

Mfano wa kanda ya ziwa unaonigusa zaidi unatoka mkoani Mara. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilipiga marufuku kukeketa binti aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 10. Katika wilaya za Serengeti na Tarime, msimu wenyewe huja Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mabinti wakiwa nyumbani. Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa binti mdogo na ameyasema hayo hadharani mara nyingi, alisimamia nyumba salama iliyofunguliwa Mugumu mwaka 2014, na baadaye akaongoza shirika la Hope for Girls and Women lenye nyumba Mugumu na Butiama.

Tatizo la kwanza halikuwa ujasiri wa mabinti. Walikuwepo waliothubutu kutoroka, na majirani waliothubutu kupiga simu. Tatizo lilikuwa njia. Simu inaingia usiku, sauti inasema binti fulani katika kitongoji fulani atakeketwa alfajiri. Polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na watu wa nyumba salama wanapanda gari. Kitongoji hicho hakimo kwenye ramani yoyote. Barabara inagawanyika mara tatu gizani, hakuna kibao, hakuna wa kumuuliza. Gari likichelewa saa mbili, kisu kimekwisha kufanya kazi yake.

Mwaka 2015 Mwingereza Janet Chapman alianzisha mradi wa kujitolea uitwao Crowd2Map Tanzania, ukitumia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuitumia bila malipo. Kazi iligawanywa sehemu mbili. Maelfu ya watu waliojitolea katika nchi nyingi, wakiwa makwao mbele ya kompyuta, walipewa vipande vidogo vya picha za setilaiti na kuchora walichokiona: paa, barabara, mto, njia ya ng'ombe. Kipande kikishachorwa, mwingine mwenye uzoefu zaidi hukikagua kabla hakijakubaliwa.

Lakini picha ya kutoka angani haijui jina la mahali. Haijui kama jengo lile refu ni shule au ghala la pamba, wala haijui kwamba wenyeji huita kitongoji chao kwa jina lisilo kwenye kitabu cha serikali. Hapo ndipo ramani iliposubiri watu wa Mara. Wanakijiji waliofundishwa kutumia programu ya ramani isiyohitaji intaneti walitembea na simu zao wakiandika: hii ni zahanati, hili ni kanisa, hapa ni kisima, hapa ni kwa mwenyekiti. Baadaye wakateuliwa watu katika vijiji vya Serengeti, wanawake kwa wanaume, wakapewa simu na mafunzo ili wawe wa kwanza kutoa taarifa za ukatili katika eneo lao.

Naupenda mgawanyo huu kwa sababu umempa kila mmoja kazi anayoiweza. Mwanafunzi wa Ulaya hawezi kujua siri ya boma la Serengeti, na hapaswi kujifanya anaijua. Mama wa kijijini hana muda wa kuchora paa elfu kumi. Kinachounganisha hao wawili ni kwamba mwisho wa mnyororo kuna gari linaloondoka. Binti anaitikiwa. Jirani aliyepiga simu anaona kwamba simu yake imefanya kazi, na mwaka unaofuata atapiga tena.

Mnyororo usipokuwa na mwisho huo, mambo huwa vingine kabisa. Shirika la Daraja lililokuwa na makao yake Njombe lilianzisha Maji Matone yapata mwaka 2010. Wazo lilikuwa zuri sana: bomba la kijiji likiharibika, mwananchi anatuma ujumbe mfupi, taarifa inafika kwa mhandisi wa maji wa wilaya na kwa vyombo vya habari, bomba linatengenezwa. Waliobuni walitarajia ujumbe 3,000. Katika miezi sita ya majaribio ulipokelewa ujumbe 53. Shirika hilo, kwa uungwana ambao mashirika mengi hayana, lilitangaza wazi kwamba mradi umeshindwa na likaeleza kwa nini.

Sababu zenyewe zinamhusu kila anayetaka kuwauliza watu jambo. Wanaochota maji ni wanawake na watoto, wakati simu iko mfukoni mwa baba. Mtandao ulikuwa hafifu. Wengine waliogopa kuonekana wanamshitaki kiongozi wa kijiji. Lakini kubwa kuliko yote, watu hawakuamini kwamba ujumbe wao utaleta fundi. Walikwisha kulalamika miaka mingi kwa mdomo bila matokeo. Kwa nini walipie salio ili walalamike kwa maandishi? Kunyamaza kwao kulikuwa jibu kamili.

Wapo wanaohofia upande wa pili, kwamba watu wengi wanaweza kusema uongo au kukosea pamoja. Hofu hiyo ina msingi, na Usukumani tunaijua gharama yake. Sungusungu hao hao waliorudisha ng'ombe wapo waliotesa watuhumiwa bila ushahidi, na vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni huku kijiji kizima kikiamini ni wachawi. Kwa hiyo taarifa ya wengi lazima ipite mkononi mwa mtu anayeihakiki. Ramani ya Mara ina mkaguzi. Katika urasimishaji wa makazi, pale mipaka ya viwanja inapoonyeshwa na wenyeji, jiwe haliwekwi mpaka majirani wa pande zote na uongozi wa mtaa wakubaliane. Anayetaka maarifa ya umma bila kuajiri wa kuyahakiki anatafuta balaa.

Ziwani kwenyewe tayari tunao mfano wa namna ya kuuliza vizuri. Kati ya mwaka 2017 na 2021, mradi wa kikanda wa HIGHWAY ulizikutanisha mamlaka za hali ya hewa za nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria, pamoja na TMA ya kwetu, na wavuvi na wasafirishaji. Mvuvi wa dagaa anayewasha taa zake usiku hahitaji kuambiwa kwamba "kutakuwa na mvua kanda ya ziwa." Anataka kujua upepo utavuma kwa nguvu gani, mawimbi yatafika urefu gani, upande upi wa ziwa, na kama ni kabla au baada ya usiku wa manane. Utabiri ukaandaliwa kwa kufuata mahitaji hayo, ukigawa ziwa kwa maeneo na usiku na mchana. Sayansi ilikuwepo siku zote. Maneno ya wavuvi ndiyo yaliyoifanya ifae. Vivyo hivyo, kila mara ziwa linapohesabiwa mitumbwi na nyavu, kazi ambayo imekuwa ikirudiwa tangu mwaka 2000 katika nchi zote tatu zinazopakana na ziwa, watu wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi cha kila mwalo, huwa miongoni mwa wanaohesabu, kwa kuwa wanajua nani anavua wapi.

Basi Mwanza inasubiri nini? Mwanzoni mwa mwaka 2025 magugumaji yalikwamisha vivuko pale Kigongo na Busisi, abiria wakakwama. Magugu hayaoti kwa siku moja. Wavuvi huyaona yakiwa kiraka kidogo ghubani, na hawana wa kumwambia ambaye wanaamini atakuja. Kwenye vilima vya Mabatini, Igogo na Isamilo, ambako nyumba zimepanda mpaka kwenye miamba, wakazi wanajua ni ngazi ipi gari la wagonjwa linaishia na mtaro upi hufurika mvua ikinyesha. Maarifa hayo yako mitaani, kwa mabalozi na katika makundi ya WhatsApp ambayo leo tunayatumia zaidi kuchangishana rambirambi. Tunachangishana vizuri kwa sababu kila mmoja ameona rambirambi ikifika.

Ombi langu kwa Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela na wenzao wa Musoma, Bukoba na Ukerewe ni dogo. Chagueni jambo moja tu, liwe magugu au mitaro. Wekeni namba moja isiyokata salio. Mtajeni afisa anayepokea na fundi anayetoka. Kila Jumamosi, redioni na kwenye mbao za matangazo mialoni, semeni taarifa ngapi zimeingia, ngapi zimehakikiwa, ngapi zimeshughulikiwa na ngapi zimeshindikana na kwa nini. Wawekeni wanawake wanaokausha dagaa miongoni mwa wanaoulizwa, wasiwe wavuvi wanaume peke yao. Kama hamna fedha ya kumtoa fundi, msiitishe taarifa kabisa, kwa sababu kila ujumbe usiojibiwa unapunguza idadi ya watakaoitika siku ya hatari.

Nawe msomaji unaweza kuanza leo bila kusubiri Jiji. Fungua OpenStreetMap, tafuta mtaa wako, na kama zahanati, shule au njia ya kupita gari la wagonjwa haimo, iandike. Ni bure.