Nafaka ya Mnyama Asiyeweza Kurudi Mwituni



Ndugu wasomaji, huku kwetu Kibiti na katika delta ya Rufiji, mpunga ukikaribia kuiva watu huhamia kwenye madungu yao shambani, wapate kuulinda na ndege, nguruwe na tumbili. Mlinzi hana lawama, kwani anatetea chakula cha wanawe. Lakini msimu mmoja tumbili jike aliuawa, na kitoto chake kikasalia kimemng'ang'ania kifuani. Kijana mmoja wa chuo changu akakitwaa, akakilea kwa uji na maziwa, kisha akakifunga kamba chini ya mwembe.

Mwaka wa pili tumbili yule akaanza kuuma watu. Baba wa kijana akanijia, akaniuliza, "Maalim, tukimfungua tutapata thawabu?" Nami nikamjibu upesi, "Mfungueni, arudi kwao." Siku ya tatu alionekana karibu na nyumba ile ile, ameraruliwa na mbwa. Kijana akaniuliza, "Maalim, kwao ni wapi?" Sikuwa na jawabu.

Tangu siku ile nimeuliza na kusoma. Wajuzi wa wanyama wasema kwamba mtoto wa tumbili hufundishwa na mama yake na kundi lake chakula cha kula na adui wa kumkimbia. Aliyelelewa na mwanadamu hakuyapata mafunzo hayo, na kundi geni laweza kumfukuza. Kumfungua huyo ni sawa na kumtupa.

Huko Uganda, katika Ziwa Viktoria, kiko kisiwa cha Ngamba. Tangu mwaka 1998 wamewekwa humo sokwe mayatima waliookolewa. Sokwe aweza kuishi miaka 50, na msitu wa kisiwa hautoshi kuwalisha wote, basi hupewa chakula kila siku. Majike hupewa dawa ya kuzuia mimba, ili kisiwa kisielemewe. Na Nairobi, mwaka 2007, aliokotwa mtoto wa faru aliye kipofu, akaitwa Maxwell. Alipasuliwa macho asipate kuona, na walezi wake wakaazimia kumtunza maisha yake yote.

Msomaji atasema: kwa nini mali itumike kwa mnyama asiye na faida? Swali hili si geni. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki mwaka 1262, alipozihesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe, alisema kwamba ni lazima alishwe ijapokuwa ni mzee au mgonjwa asiyeleta manufaa tena.

Tena tuizingatie habari mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake ni kumfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Hapo pana milango miwili. Mnyama asiyeweza kujitafutia, mlango wa pili umemfungikia. Umebaki ule wa kumlisha. Hilo ndilo nililolisahau nilipojibu. Na deni hilo ni la yule aliyemtwaa, hata likiwa la miaka mingi.

Basi enyi wazazi, wakanyeni wana wenu wasichukue watoto wa wanyama wa porini kwa mchezo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo yakataza kuwafuga bila kibali. Akipatikana yatima, apelekewe habari afisa wanyamapori wa wilaya siku ile ile, kabla hajawazoea watu.

Nami namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe jawabu langu la haraka.