Njia ya Kumfikia Mgonjwa: Kifaa Gani Tumpe Mhudumu wa Majumbani?



Katika parokia zetu wapo wahudumu wanaotoka kila juma kwenda kuwaona wagonjwa majumbani: wenye saratani, waliopooza, wazee wasioweza kuinuka kitandani, wanaotumia dawa za kifua kikuu na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wachache huenda kwa pikipiki au baiskeli. Wengi huenda kwa miguu. Siku hizi halmashauri za walei na vikundi vya WAWATA hutuuliza sisi wauguzi: je, tuwanunulie kifaa cha kuonyesha njia? Na kama ndiyo, kipi?

Swali hili ni zuri. Mgonjwa aliyeishiwa dawa ya maumivu hawezi kungoja mpaka mhudumu mgeni amalize kuuliza njia katika vitongoji vitatu. Lakini kifaa hicho hicho, kisipochaguliwa kwa busara, chaweza kumdhuru mgonjwa huyo. Basi tuliangalie jambo hili kwa utaratibu.

GPS ni nini?

GPS ni mfumo wa setilaiti wa serikali ya Marekani, uliokamilika mwaka 1995. Setilaiti hizo huzunguka dunia zikiwa juu kilomita 20,000 hivi, nazo hutoa ishara usiku na mchana. Kifaa kikipata ishara za setilaiti nne au zaidi, hukokotoa mahali kilipo. Hadi Mei 2000 Wamarekani waliupunguza usahihi wake kwa makusudi kwa watu wa kawaida, hata kosa likaweza kufika mita 100. Tangu kizuizi hicho kilipoondolewa, simu penye anga wazi hukosea mita chache tu.

Jambo la kukumbuka ni hili: kupokea ishara hizo ni bure, wala hakuhitaji bando. Kinachohitaji mtandao ni ramani, kama haikuhifadhiwa ndani ya simu mapema.

Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Kwanza, ramani ifanye kazi pasipo mtandao, tena ionyeshe vijia vya miguu. Programu ya Organic Maps hutolewa bure, na ramani yake hupakuliwa mara moja ikakaa ndani ya simu. Hutumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea. Hapa Tanzania, tangu 2015, Ramani Huria jijini Dar es Salaam na Crowd2Map vijijini wameongeza njia na nyumba nyingi. Kijia cha kigango chenu kisipokuwemo, vijana wa parokia wanaweza kujifunza kukichora. Google Maps nayo huhifadhi eneo, lakini pasipo mtandao huelekeza wenye magari tu, si mtembea kwa miguu.

Pili, chaji. Kioo kikiwaka safari nzima, simu huzimika kabla ya jioni. Kifaa maalumu cha mkononi chenye betri ndogo mbili huweza kudumu saa 20 hivi na hustahimili mvua, ila hakipigi simu mgonjwa anapozidiwa. Kwa parokia nyingi, simu janja ya kawaida pamoja na pawabenki yatosha.

Tatu, mazingira. Katika makorongo, chini ya miembe minene, au ndani ya nyumba ya bati, usahihi hupungua. Mhudumu asimame uani penye anga wazi na angoje dakika moja kabla ya kuhifadhi alama ya mahali. Tena tupo kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo zetu huandikwa na alama ya kutoa. Ikisahaulika, nyumba iliyopo Songea itaonekana ipo Ethiopia!

Nne, gharama za baadaye. Kifaa kinachofungwa kwenye pikipiki huhitaji laini yake, na mara nyingi malipo ya kila mwezi. Ulizeni ni nani atakayelipa wafadhili wakiondoka.

Siri ya mgonjwa

Hapa ndipo penye uzito. Kifaa kinachoonyesha njia huweza pia kuhifadhi njia. Mtu akiiokota simu ya mhudumu wa wenye virusi vya UKIMWI, ataona kila mlango aliosimama. Hata pasipo majina, nyayo husema. Januari 2018 dunia ilishangaa ilipogundulika kwamba ramani ya Strava, programu ya watu wa mazoezi, ilikuwa imefichua mahali pa kambi za kijeshi, kwa sababu tu askari walikimbia na vifaa vyao. Ikiwa kambi ya jeshi ilijulikana, sembuse nyumba ya mjane kitongojini?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Basi tushike kanuni hizi:

1. Nyumba ipewe namba, si jina wala ugonjwa. Daftari la majina lifungiwe hospitalini.

2. Simu ifungwe kwa namba ya siri.

3. Alama ya nyumba ya mgonjwa isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, hata kwa nia ya kumwombea.

4. Katika taarifa za parokia, tarakimu za mahali zikatwe zibaki mbili baada ya nukta. Tarakimu nne humfikisha mtu mita 11 hivi kutoka mlangoni. Mbili humwacha kwenye eneo la kilomita moja hivi.

5. Mgonjwa aombwe ruhusa kwanza. Akikataa, mhudumu aelekezwe kwa mdomo kama zamani, na huduma yake isipungue.

Mhudumu naye aheshimiwe

Kufuatilia safari kuna faida: giza likiingia mhudumu hajarudi, twajua pa kumtafuta, mafuta ya pikipiki huhesabika, na ziara hupangwa asirudie njia ileile mara mbili. Lakini aelezwe wazi kwamba anafuatiliwa, na saa za kazi zikiisha kizimwe. Wala tusipime huduma kwa kilomita. Mhudumu aliyekaa saa nzima akimshika mkono anayekata roho, kwenye ramani huonekana kama nukta isiyosogea.

Familia ifanye nini?

Mhudumu akifika na simu, muulizeni bila haya: unaandika nini, na nani atakisoma? Ni haki yenu. Viongozi wa parokia nao, kabla ya kununua, wawape wahudumu wawili kifaa kimoja wakijaribu majuma mawili, hasa kwenye mabonde yasiyo na mtandao, kisha wawasikilize.

Kifaa bora ni kile kitakachomfikisha mhudumu mlangoni kwa wakati, bila kuwaonyesha wengine mlango huo. Mungu awabariki wote wanaotembea kwa ajili ya wagonjwa wetu.